Wimbo wa Ng'ombe Saba: Maisha ya Fadlalla Murjan wa Kibra

Wazee wa Kibra, majirani wa Riruta na Kawangware, wafanyakazi wa reli, vijana wa gita mliotoka Pumwani, na nyinyi kina mama mlioko jikoni ambao najua mnasikiliza ingawa mnagonga sufuria, hitma imekwisha, wali umeliwa, sasa kaeni kimya mume wangu asomewe maisha yake.

Kwetu Wanubi haya si desturi, maiti wetu tunamzika mapema na kumsomea Kurani, hatumsomei tarehe, lakini wenzetu wa misheni kule Riruta hawamfukii mtu bila kueleza alizaliwa wapi na alifanya nini, na miaka mingi marehemu alikuwa akirudi kutoka matanga yao akisema jambo lile ni zuri, mtu anaondoka watu wakijua ni nani aliyeondoka. Mimi Mabruka, mkewe, nimo ndani katika eda, sisimami mbele ya wanaume, kwa hiyo nimeandika, na anayewasomea ni Bwana Gerishon Kiragu wa Riruta, rafiki wa marehemu kwa miaka ishirini na miwili, mwenye masomo ya misheni kutushinda sisi wote. Nimempa karatasi zikiwa zimekunjwa, akaahidi mbele ya Mzee Adam, mkubwa wa mji wetu, kwamba atasoma kila neno kama lilivyoandikwa, hataongeza, hatapunguza. Gerishon, umeahidi, endelea.

Marehemu Fadlalla bin Murjan alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 4 Aprili 1905, hapa hapa Kibra, upande wa Makina, wakati huo pakiwa msitu mtupu na fisi wakipita mlangoni kama wageni. Tarehe hiyo si ya kubahatisha kama za wengi wenu, baba yake alikuwa Sajini Murjan wa jeshi la Keya, mtu aliyezaliwa Sudani na kutembea kwa miguu mpaka Nairobi na bunduki begani, na karani wa kikosi aliandika kila mtoto wa askari siku aliyozaliwa. Mama yake aliitwa Sitelbanat, mkwe wangu, Mungu amrehemu, mwanamke ambaye hakuwahi kusifu chakula changu hata siku moja, lakini kwa doluka, ile ngoma yetu ambayo wanawake hupiga arusini, hakuwa na wa kulinganishwa naye kutoka hapa mpaka Kampala, na marehemu alikulia chini ya ngoma ile, amelala kwenye mkeka, miguu ya wachezaji ikimruka.

Hapa nieleze jambo polepole, wageni wetu wasipotee, maana ndilo lililotuletea mambo yote. Katika doluka mwanamke hutunga wimbo wa kumsifu mtu au kumchamba, na tangu siku hiyo wimbo ule ni wa aliyeimbwa, unaitwa kwa jina lake, ataringa nao au ataona haya nao mpaka afe, na aliyetunga hatajwi kabisa, hata akiwa amekaa pale pale na ngoma mapajani, na ukiuliza ni nani katunga utaangaliwa kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Hiyo ndiyo adabu yetu, na Fadlalla aliinyonya pamoja na maziwa.

Kuhusu masomo, aliingia chuoni kusoma Kurani mwaka 1911, akaihitimu tarehe 9 Juni 1917, baba yake akachinja mbuzi wawili, na hapo shule yake ikaisha. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kuliko wa makarani wengi wenye kalamu masikioni, ila herufi za Kizungu alizikataa mpaka mwisho, akisema zinasimama mbalimbali kama askari kwenye gwaride, hazishikani mikono.

Kuhusu kazi, tarehe 1 Februari 1922 aliandikwa katika Keya kama mpiga tarumbeta, akatumika Nairobi miaka mitatu, kisha akapelekwa Turkana, na huko mwaka 1926 akashikwa na homa iliyomlaza wiki sita na kumwachia koo lililoharibika, tangu hapo sauti yake ikawa kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta. Wanaodhani aliimba kwenye santuri hawakumsikia akiita watoto waje kula. Aliondoka jeshini tarehe 12 Desemba 1930 akiwa koplo, na cheti cha tabia njema ninacho, na vita vya pili vilipoanza wakamwita tena, akafundisha vijana tarumbeta kutoka 1940 mpaka 1943, kwa kuipuliza mwenyewe, maana kuwaimbia asingeweza.

Baada ya jeshi alifuga. Baba yake alimwachia ng'ombe kumi na mmoja, wakati huo tulilisha kule bondeni ambako sasa bwawa la Silanga limemeza majani yote, na kila alfajiri alikamua, akapakia mikebe kwenye baisikeli, akauza maziwa katika nyumba za Wazungu kando ya barabara ya Ngong. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na mitatu, ukiondoa ile ya vita, na hakuna mtu aliye hapa, Mwislamu au Mkristo, anayeweza kusimama na kusema aliwahi kukuta maji katika maziwa ya Fadlalla.

Kuhusu ndoa, alinioa mimi Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 1929, alipopewa likizo, nami nikiwa na miaka kumi na minane, mahari ng'ombe wanne na mmoja wao alikuwa kipofu wa jicho moja, hilo sikulisahau wala yeye sikumwacha alisahau. Tulijaliwa watoto watano, Murjan aliyezaliwa 1931, Suad aliyezaliwa 1934, na watatu ambao Mungu aliwachukua wadogo, majina yao Mungu anayo na mimi ninayo. Ameacha wajukuu watano, wote wanaimba, mmoja tu ndiye anayeimba vizuri na sitamtaja kwa sababu mama wa wale wengine yuko hapa.

Sasa nyimbo. Asubuhi moja mwaka 1933 alirudi saa nne badala ya saa mbili, na mkebe mmoja umeganda, nikamwuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa amesimama nyuma ya jiko la Mzungu fulani, ndani wanapiga gramafoni, na kwenye gramafoni kuna mtu wa Amerika mchunga ng'ombe, anapiga gita peke yake, anaimba habari za ng'ombe wake, na gari moshi linalopita mbali, na mama yake aliyemwacha nyumbani, kisha anaivunja sauti kooni, inapanda na kushuka kama mtu anayeita mifugo ng'ambo ya mto. Nikamwambia ng'ombe tunao, gari moshi linapita hapo chini kila siku na kututia moshi kwenye nguo, mama yako yuko chumba cha pili anasema chai haina sukari, hao Waamerika wana nini ambacho Kibra haina, isipokuwa kofia? Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi. Mwezi uliofuata alitoa ndama jike, mzuri, mwekundu, akapewa gita na fundi cherehani Mgoa wa mjini, nami nikampa mgongo siku tisa.

Alitungia nyimbo kwenye kukamua. Aliketi kwenye kigoda, kichwa ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yakipiga ndoo, naye akiyapanga maneno kwa mapigo yale, akiyanong'ona kwa lile koo lake, na ng'ombe akizuia maziwa wimbo huo anautupa, hata kama mimi niliupenda, alisema ng'ombe hana sababu ya kumpendeza mtu. Uliopita kwa ng'ombe aliniletea mimi, wa pili baada ya ng'ombe, nikakata yaliyozidi, na niliyakata mengi. Hivyo ndivyo zilivyotungwa nyimbo sitini na moja, na ishirini na tatu ziliingia kwenye santuri, zikiimbwa na vijana wawili wa Pumwani wenye makoo mazima, ambao wako hapa leo na wamekula mara mbili.

Tarehe 7 Julai 1938 ndiyo siku wimbo wa kwanza ulipochukuliwa sauti, katika chumba nyuma ya duka moja mjini, magodoro yakiwa yamesimamishwa ukutani. Ulikuwa wimbo wa kumsifu mama yake. Karani wa kampuni akataka jina la mtunzi aliandike kwenye karatasi ya santuri, marehemu akasema andika Sitelbanat, karani akamweleza kwa Kiswahili wazi kwamba hataki jina la aliyeimbwa, anataka la aliyetunga, marehemu akamjibu kwamba ameelewa vizuri sana, andika Sitelbanat. Na hivyo hivyo kila mara. Wimbo wa binti yetu ukaandikwa mtunzi Suad, naye ana miaka saba, wimbo wa ng'ombe wetu Bakhita ukaandikwa mtunzi Bakhita, na mwaka ule kampuni ilimletea Bibi Bakhita kadi ya Krismasi yenye picha ya theluji, tukamwonyesha, akailamba.

Nilimgombeza. Nilimwambia anagawa jina kama mtu aliyepewa majina kumi. Akanijibu, "Mama Murjan, mimi nimepanga maneno tu, wao ndio walioyaishi." Nikamwuliza, "Na wewe unaishi wapi, kwa jirani?" Alicheka, akaenda kukamua.

Na nyimbo zile zilikwenda. Watu wa reli walizikuta Kampala, wakazikuta Moshi na Tanga, hapa Kibra hakuna arusi iliyokwisha bila hata mmoja, na Kawangware mwenye duka la chai aliupiga wimbo wa Bakhita mpaka santuri ikawa nyeupe. Nimemwona kwa macho yangu akipita na baisikeli, dukani wanapiga wimbo wake, watu wanacheza mpaka barabarani, vumbi linapanda, naye anapiga kengele wampishe, anawauliza kama kuna anayetaka maziwa. Nilijivuna siku ile mpaka kichwa kikaniuma. Sikumwambia. Sasa nasema.

Kuhusu Gerishon, nasoma mawazo yake kutoka humu ndani, anajiuliza kama atatajwa. Atatajwa. Walijuana mwezi wa Agosti 1935, fahali wa Gerishon alipovunja ua wetu na kufanya kazi ambayo fahali wetu alikuwa ameshindwa, Gerishon akaja kuomba radhi, marehemu akamwambia fahali anaweza kubaki mpaka Ijumaa, na huyo mtu hakuondoka tena katika maisha yetu. Marehemu alipoanza kupeleka nyimbo mjini, karani hakuweza kusoma herufi za Kiarabu, basi kila Jumapili baada ya kanisa Gerishon alikuja na daftari, Fadlalla akasema maneno, Gerishon akayaandika kwa herufi za Kizungu, wakagombana juu ya koma, wakala kisra, ule mkate wetu mwembamba, na samaki kwa mkono wangu, akarudi Riruta. Daftari tisa walizijaza, zote kwa mwandiko wa Gerishon. Mtunzi Mwislamu, mwandishi wa Presbiteri, na wimbo unahusu mlevi wa Kisumu Ndogo.

Tarehe 19 Novemba 1953, katika Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na Serikali, ng'ombe wote wa Gerishon walichukuliwa, ikisemwa ni adhabu ya kijiji kizima kwa jambo lililofanywa na watu wasiojulikana, walikuwa saba, na hawakurudi. Marehemu alikwenda Riruta kumpa pole, akamkuta Gerishon ameketi zizini, mkewe Wamucii amesimama kando. Alirudi, akakamua, na wiki hiyo akatunga wimbo wenye ng'ombe wale wote, mmoja mmoja, mwekundu mwenye pembe iliyokatika, mweusi aliyekubali kukamuliwa na Wamucii tu, hivyo hivyo mpaka mwisho unaposema, "wa saba alikuwa na mimba, kwa hiyo andikeni wanane." Hakuna tusi ndani yake, hakuna siasa, ni ng'ombe tu na tarehe waliyochukuliwa. Mimi sikukata neno hata moja. Gerishon aliuandika kwenye daftari, na mwezi wa Februari 1954 uliingia kwenye santuri, na karani alipouliza mtunzi, mume wangu, kwa adabu yake ile ile, akasema andika Gerishon Kiragu.

Hapo ndipo alipokosea, na alikubali mwenyewe kwamba alikosea, aliona anampa mtu heshima kumbe anampa mashitaka. Santuri iliuzwa wiki tisa. Mwezi wa Aprili, wakati wa ule msako mkubwa wa Wakikuyu mjini, zilitolewa madukani zikavunjwa, na tarehe 26 Aprili 1954 Gerishon alichukuliwa nyumbani kwake. Afisa akamwekea santuri mezani, akamwuliza ni wake au si wake. Angesema si wangu, ni wa Mnubi fulani muuza maziwa, huenda angerudi nyumbani jioni ile. Alisema ni wake.

Siku ya tatu Fadlalla aliposikia alivaa koti la Keya, akabandika medali mbili, akaenda kituoni, akasema wimbo ni wake, yeye ndiye aliyeutunga, wamfungue yule wamweke yeye. Afisa hakuwa mtu wa kelele, akampa karatasi aandike mstari mmoja, marehemu akauandika kwa herufi zake nzuri za Kiarabu, afisa akaliweka kando yake daftari lililochukuliwa kwa Gerishon, akaonyesha mwandiko, akaonyesha jina kwenye santuri, kisha akasema, "Mzee, umeitumikia Serikali vizuri, usijiharibie kwa ajili ya Mkikuyu. Nenda nyumbani." Mtu aliyekataa jina lake miaka kumi na sita, siku alipolidai hakuna aliyemwamini. Alitoka, akasimama nje ya lango, akauimba wimbo wote kwa lile koo lake baya, kuanzia mwekundu mpaka wa saba, askari wakamcheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakamfukuza.

Gerishon alikaa kambini miaka miwili na miezi kumi. Marehemu hakutunga wimbo hata mmoja muda wote huo, alikamua kimya, na kila Jumamosi Murjan alipeleka mkebe mmoja Riruta kwa Wamucii. Tarehe 23 Februari mwaka huu Gerishon aliachiliwa, lakini faili lake linasema ni mtunzi wa nyimbo za uchochezi, basi kibali cha kuingia mjini hapewi, na yeye ni seremala ambaye kazi yake yote ilikuwa mjini, na watoto wake Mumbi na Waithaka wameacha shule. Hata leo yuko hapa kwa ruhusa ya mazishi, ya siku tatu, inayokwisha leo saa kumi na mbili. Fadlalla alitaka kwenda tena kituoni mwezi wa Machi, akidhani sasa watamsikiliza, Gerishon akaja kwa kujificha, akamzuia mlangoni kwangu, nilikuwa napepeta mchele nikawasikia, akamwambia, "Nimeukalia miaka miwili na miezi kumi, sasa ni wangu. Ukienda wakakuamini, nitakuwa nimefungwa bure." Akamwapisha asiudai tena. Wanaume wawili wazima wananyang'anyana kosa ambalo si kosa, nami nikaendelea kupepeta.

Kuhusu ugonjwa, kifua kilianza kumsumbua mwezi wa Juni, akasema ni vumbi, mwezi wa Julai akasema ni baridi, na tarehe 2 Agosti alipoanguka na baisikeli, maziwa yote yakamwagika barabarani, tukampeleka hospitali. Alilazwa wiki tano. Madaktari walifanya waliloweza, wakaniambia ukweli bila kuuzungusha, nami nikauchukua. Ijumaa tarehe 6 Septemba tulimrudisha nyumbani, na Jumatatu, Suad akiwa shahidi, aliniita nikae karibu, akasema, "Mama Murjan, zile nyingine ziwe za wenyewe, sizitaki. Lakini wimbo wa ng'ombe ni wangu, nirudishie. Nikishakufa hawana wa kumkamata." Nikamwambia Gerishon amemwapisha, akanijibu kwamba yeye ndiye aliyeapa, mimi sikuapa. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na minane nilimwona ana akili ya biashara.

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Septemba 1957, baada ya sala ya alasiri, akiwa na miaka hamsini na miwili, akazikwa Ijumaa katika makaburi yetu ya hapa Kibra, kando ya baba yake na mama yake.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi aliyemwachia dirisha wazi ili asikie gari moshi ingawa sheria yao hairuhusu. Namshukuru sheikh na jamaa wa msikiti walioruhusu karatasi hizi zisomwe, baada ya kubishana nami siku nzima kupitia pazia. Nawashukuru majirani, waliokamua ng'ombe siku tatu hizi bila kuombwa, wafanyakazi wa reli, wateja wake wa barabara ya Ngong waliotuma pole, na vijana wake wa Pumwani, na yule aliyekuja na gita nimemwambia alirudishe, nyumba ina eda, aje baada ya miezi minne na siku kumi na nitamsikiliza mimi mwenyewe.

Limebaki moja. Gerishon, juzi kaburini nilikutumia Murjan akuombe uandikishe kwa Mzee Adam kwamba wimbo haukuwa wako, ukasema huwezi kumtwika maiti mzigo. Sasa uko kwenye mstari huu na najua unatafuta pa kuruka. Usiruke. Murjan amesimama nyuma yako, nakala ya pili anayo mkononi na anafuata kwa kidole, na uliahidi mbele ya watu. Wamucii amekaa humu ndani na mimi, nimemsomea haya asubuhi, hakukataa. Soma kwa sauti, wa nyuma wasikie:

Mimi, Gerishon Kiragu wa Riruta, ninayewasomea haya, wimbo wa ng'ombe saba sikuutunga. Ng'ombe walikuwa wangu, mwandiko ni wangu, wimbo si wangu. Ulitungwa na Fadlalla bin Murjan wa Kibra, kwa kinywa chake, hapa nyumbani kwake, mwezi wa Novemba 1953, nami nikauandika kama karani wake, na aliposema ukweli kituoni mimi nilikuwa nimeshasema uongo ili asichukuliwe.

Vizuri. Umesoma, watu zaidi ya mia mbili wamesikia, na Mzee Adam amesikia na muhuri wa mji anao mfukoni, nilimwomba aje nao. Maneno hayo hayo yameandikwa kwenye hati iliyo mezani kwa Murjan, tia sahihi kabla ruhusa yako haijakwisha, na kesho asubuhi Mzee Adam ataipeleka yeye mwenyewe kwa Diisii, mkuu wa wilaya, mwenye faili lako. Usiogope kwamba umemwacha rafiki yako pabaya. Alitaka hivi, na mimi nilikuwa mkewe, nazijua sauti zake za kutaka.

Fadlalla bin Murjan, koplo, muuza maziwa asiyetia maji, mtunzi wa nyimbo sitini na moja na mwenye wimbo mmoja, pumzika kwa utulivu, Mwenyezi Mungu aipanue nafasi yako. Na serikali ikimtafuta aliyetunga wimbo wa ng'ombe, ije Kibra iulize popote, tutaionyesha ulipolala.